Nilimlisha mama mkwe kambare akiwa haoni

SWALI

Mama, pokea salamu zangu. Huwa nasoma safu yako jioni nikiwa kwenye matatu ya kurudi Umoja, na sikudhani siku moja nitakuandikia mimi.

Nina miaka 31 na ndoa yangu inaingia mwaka wa nne. Nimelelewa Mkatoliki kule Kirinyaga. Mume wangu anatoka Nyamira, kwenye boma ambalo ni la Wasabato tangu enzi za babu yake. Tulipooana tulikubaliana kila mtu abaki na kanisa lake, na hatujawahi kuligombania. Yeye mwenyewe si mtu wa kushika sana. Jumamosi huenda kanisani akiwa hana zamu, nguruwe hali nyumbani, lakini najua jioni akishuka stejini husimama kwanza kwa muuza mutura, ule utumbo uliojazwa nyama na damu.

Mwezi wa pili mama mkwe aliletwa kwetu kutibiwa macho. Alikuwa na mtoto wa jicho pande zote mbili, anaona vivuli tu, na hata kwenda msalani ilibidi nimshike mkono. Siku ya tatu aliniuliza kile kikaango kinachonukia kimepika nini. Nikamwambia ukweli: soseji za nguruwe. Tangu siku hiyo hakugusa tena chombo changu. Akamtuma mwanawe amnunulie sufuria moja na jiko la mafuta, nikawa namchemshia managu yake kwenye roshani kama mtu anayepikia mgonjwa wa kuambukiza. Jirani akiwa amekaa pale pale, mama akasema: “Hata hao Wayahudi unaowapikia wanajua nguruwe ni najisi. Wewe Mkristo ndiye hujui.”

Hapo ndipo aliponichoma. Ni kweli mimi ni mpishi wa familia ya Kiyahudi Lavington, mwaka wa tatu sasa. Kule kuna sufuria zenye alama nyekundu za nyama na zenye alama ya buluu za maziwa, sinki mbili, sahani aina mbili, hata vitambaa vya kupangusia haviingiliani. Sijawahi kuchanganya hata mara moja. Halafu nikifika kwangu naambiwa mimi ni mchafu.

Basi Alhamisi moja nilipitia Gikomba. Ngege walikuwa ghali, na muuzaji akanionyesha vipande vya kambare, wale mumi, vimeshatolewa kichwa na ngozi. Nilijua Wasabato hawali samaki asiye na magamba. Nikanunua. Mama alipouliza ni samaki gani nikajibu, “Ni wa ziwa, mama.” Akala, akaomba kipande cha pili, akanibariki mimi na tumbo langu.

Sasa jicho moja limepasuliwa na anaona. Kila asubuhi ananitazama usoni na kutabasamu, nami nageukia sinki. Mume wangu nilimwambia. Anasema asiyejua hana dhambi, ninyamaze mpaka mama arudi nyumbani baada ya Pasaka.

La mwisho, Mama. Mimba niliyo nayo ni ya miezi sita. Iliyotangulia iliharibika. Jumatano ya Majivu niliweka nadhiri kwamba siku zote 40 sitakula wala kunywa mpaka saa kumi na mbili jioni, Mungu anilindie mtoto. Kliniki wameniambia damu yangu ni kidogo, na juzi nilishikwa na kizunguzungu kazini nikabaki nimeng’ang’ania sinki. Mwajiri wangu alinikalisha akaniambia kwamba kwao mja mzito wa hali yangu angelishwa hata katika siku yao kubwa ya kufunga. Sikumwamini, lakini nakumbuka mwaka jana mama yake mwenye kisukari alikula siku hiyo, na rabi ndiye aliyemwambia ale. Naogopa nikivunja nadhiri Mungu atanichukulia na huyu, hasa baada ya lile la samaki.

Nifanye nini? Na kati yangu na mama mkwe, nani yuko sawa?

Mwenye Mzigo, Umoja

JIBU

Mwanangu, kabla hujaendelea kusoma, kunywa maji na ule kitu. Barua hii itakungoja.

Kesho asubuhi rudi kliniki, usingoje tarehe iliyoandikwa kwenye kitabu chako. Waambie wazi kwamba umekuwa ukikaa bila chakula na bila maji mpaka jioni, wasije wakakupa dawa wakidhani unakula. Vidonge vya kuongeza damu usiviteremshe kwa chai, kwa sababu chai huzuia madini ya chuma kuingia mwilini. Vinywe kwa maji, na ukipata chungwa ni bora zaidi. Ukizimia, ukitokwa na damu au ukiona mtoto amepunguza kucheza, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata iwe usiku wa manane.

Sasa kuhusu nadhiri yako. Kanisa lako halikukudai hayo uliyojitwika. Kwa sheria ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1983, siku za lazima za kufunga ni mbili tu: Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu. Zinawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka wanapoingia mwaka wa 60. Hata siku hizo mbili, kufunga maana yake ni mlo mmoja kamili na vingine viwili vidogo ambavyo kwa pamoja havifiki mlo mzima, na maji hayakatazwi. Zile Ijumaa za Kwaresima ni za kuacha nyama, tangu miaka 14. Nao wagonjwa, wajawazito na wanaonyonyesha huachiliwa. Kitu kingine: tangu Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi ya kuamkia Pasaka ni siku 46. Zinakuwa 40 kwa sababu Jumapili sita zilizomo hazifungwi. Ikiwa umefunga Jumapili pia, umefunga siku ambayo Kanisa lako linashangilia ufufuko.

Unaogopa kuvunja nadhiri, na hofu hiyo naiheshimu, maana ahadi kwa Mungu si maneno ya sokoni. Ila huna haja ya kuivunja kwa siri. Sheria hiyo hiyo inampa paroko uwezo wa kumfungulia muumini wake nadhiri ya binafsi pakiwa na sababu ya haki, na damu kidogo katika mimba ya miezi sita ni sababu ya haki mbele ya padre yeyote mwenye akili. Nenda kwa paroko wako wiki hii. Lakini kula kwanza, ndipo uende. Usiende kumwona ukiwa na kizunguzungu.

Mwajiri wako hakukudanganya. Siku yao kubwa, Yom Kippur, ile Siku ya Upatanisho iliyoamriwa katika Walawi 16, huja mwezi wa tisa au wa kumi, na hufungwa kwa muda wa saa 25 hivi bila chakula wala tone la maji. Hawaogi kwa starehe, hawajipaki mafuta, hawavai viatu vya ngozi, mume na mke hawakaribiani. Sijui saumu nyingine ya mwaka mzima wanayoiogopa kama hiyo. Pamoja na ukali wote huo, Mishna, mkusanyo wa sheria zao wa tangu yapata mwaka 200, inasema mja mzito aliyesikia harufu ya chakula siku hiyo akakitamani alishwe mpaka atulie. Mgonjwa hulishwa kwa neno la mtaalamu, na kama hakuna mtaalamu, kwa neno lake mwenyewe. Watu waliolinda amri kwa karne hizo zote, wakiteswa kwa ajili yake, ndio hao hao wanaosema uhai unatangulia. Kwa hiyo yule bibi mwenye kisukari hakuvunja saumu. Alitii dini yake kwa kula.

Halafu hilo la Mungu kukuchukulia mtoto. Mwanangu, mimba iliyotangulia haikuharibika kwa sababu hukufunga, na huyu aliye tumboni si rehani ya kambare. Nisome tena hapo. Umebeba huzuni ya yule wa kwanza peke yako, ukaigeuza kuwa deni, sasa unalilipa kwa damu ambayo mtoto wa pili anaihitaji. Lia kwa ajili ya yule wa kwanza. Mwombee misa. Huyu mlishe.

Kuna sura moja ya Biblia ningependa uisome ukishashiba, Isaya 58. Wakatoliki huisoma Ijumaa ya kwanza baada ya Majivu. Wayahudi nao huisoma asubuhi ya Yom Kippur, katikati ya njaa yao, na bila shaka husomwa pia pale kwenye sinagogi lililo kona ya Uhuru Highway na University Way, unalolipita ukielekea Westlands. Nabii anawaambia watu wanaoinamisha vichwa kama matete kwamba Mungu hakuitaka saumu ya namna hiyo. Anataka mwenye njaa apewe chakula, aliye uchi avikwe. Na mwishoni mwa mstari wa 7 anaongeza kwamba mtu asijifiche na watu wa damu yake. Wewe kila asubuhi unageukia sinki.

Basi tuje kwa samaki. Utamwambia mama. Ulitarajia nikupe njia ya katikati, nami sina, kwa sababu kosa lako si kosa la jikoni. Fungua Walawi 19:14. Imeandikwa usimlaani kiziwi wala usitie kikwazo mbele ya kipofu. Walimu wa Talmudi, kile kitabu kikubwa cha marabi cha kufafanua sheria, waliusoma mstari huo wakaona hauishii kwenye jiwe la njiani. Mfano wao ni wa mtu anayempa Mnadhiri kikombe cha divai, huku akijua ameapa kutoigusa. Mwenye kunywa hajajiangusha. Aliyenyoosha kikombe ndiye aliyeweka jiwe. Nawe ulinyoosha sahani mbele ya mwanamke aliyekuwa kipofu kweli, aliyekuuliza kwa kinywa chake, ukamjibu kwa neno ambalo ni kweli nusu. Kambare ni wa ziwa, ndiyo. Hilo silo aliloliuliza.

Mtume Paulo, ambaye aliamini hakuna chakula kilicho najisi chenyewe, alitumia neno hilo hilo la kikwazo alipowaandikia Warumi, sura ya 14. Alisema pia kwamba kwake yeye anayekihesabu kitu kuwa najisi, kwake huyo ni najisi. Yaani hata ukiwa na hakika kwamba kambare ni chakula kama vyakula vingine (nami nakula kambare), hujapata ruhusa ya kumpa asiyemtaka. Mume wako anasema asiyejua hana dhambi. Huenda. Lakini barua hii haikuandikwa na mama asiyejua. Imeandikwa na wewe unayejua.

Nani yuko sawa? Mama yuko sawa kwamba Walawi 11 inamkataza nguruwe, kwa kuwa ana kwato zilizopasuka lakini hacheui, na inataka samaki awe na mapezi na magamba. Kanisa lake limeamua katazo hilo bado linawahusu Wakristo, na waumini wake wamelishika kwa gharama, kwenye harusi, kwenye mabweni ya shule, kwenye hoteli zisizojali. Kanisa lako linasoma maono ya Petro kule Yafa, Matendo 10, na kuona mlango ulifunguliwa. Kisha Matendo 15 mitume wanawaandikia waumini wasio Wayahudi wajiepushe na damu na nyama ya wanyama walionyongwa, neno ambalo wapenda mutura wengi wa mji huu, Wakatoliki na wasio Wakatoliki, hawalitii, ilhali Wakristo wa Kiorthodoksi wa Ethiopia wanalishika hadi leo pamoja na kuacha nguruwe. Ukipita mikahawa yao Hurlingham siku ya Jumatano au Ijumaa utawaona wanakula injera na dengu tupu, bila nyama, bila maziwa, bila yai. Wao wana siku za kufunga zinazokaribia nusu ya mwaka.

Lakini mama anapowaleta Wayahudi kuwa mashahidi wake, wewe unayewapikia unajua ushahidi hauishii anapoukatia. Ile amri ya kutompika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, iliyorudiwa mara tatu katika Torati, ndiyo inayokufanya uoshe kwenye sinki mbili. Myahudi anayeshika, akishakula nyama, husubiri hata saa sita kabla ya kugusa maziwa, ingawa wapo ambao desturi yao ni saa tatu. Mama wa Nyamira, kama namjua vyema, hushushia ugali na nyama kwa bilauri ya maziwa lala, na hakuna kosa kwake. Kila nyumba imeshika sehemu iliyokabidhiwa. Usimwambie haya ili kumshinda. Nayasema ili wewe mwenyewe usijione mchafu, maana neno lile alilolisema mbele ya jirani lilikuwa la kukudhalilisha, na siku moja, si siku ile utakayoungama, utamwambia kwa upole kwamba lilikuumiza.

Lile la sufuria naliona kwa jicho tofauti na lako. Mimi ni Mwanglikana niliyekulia Pumwani, ukuta mmoja na Waislamu. Mama yangu alikuwa na sufuria moja kubwa aliyoihifadhi ndani ya gunia safi chini ya kitanda, na hakuna nguruwe aliyewahi kuikaribia. Ilitoka siku za arusi na matanga, na mbuzi alichinjwa na kijana wa jirani ili wote tule sinia moja. Hakuna aliyesema mama yangu amekuwa Mwislamu. Walisema kwake mtu anakula bila kuuliza. Wewe una ujuzi mkubwa kuliko wake. Kwa miaka mitatu hujachanganya nyekundu na buluu hata mara moja, na watu wa Lavington wanakula mikononi mwako bila wasiwasi. Ujuzi huo unaulaza getini kwao kila jioni. Ulete nyumbani. Nenda Kamukunji kwa mafundi, nunua sufuria mbili na mwiko wa mama, uvipe rafu yao ndani ya jiko lako. Ondoa lile jiko la roshani. Mama ale chakula kilichopikwa ndani ya nyumba ya mwanawe, na soseji zako zibaki na kikaango chao upande wao.

Kwa baba wa mtoto, kama atasoma hapa: mwanangu, mkeo alikuja kwako na kosa lake ukamfundisha kulificha, kwa sababu nawe una la kuficha pale stejini. Kula au kuacha ni kati yako na Mungu wako na kanisa lako. Lakini mama yako anamlaumu mgeni kwa sababu anadhani mwenyeji ni msafi. Mwondolee mke wako mzigo huo. Na wewe, mama mtarajiwa, usimtaje mutura unapoungama. Hiyo ni yake kuisema.

Mwambie mama katikati ya wiki, Jumanne au Jumatano. Isiwe Ijumaa jioni wala Sabato, umpe siku za kuomba kabla jua la Ijumaa halijatua. Kaa chini yake, kwenye kigoda, mume wako akiwepo. Sema: “Mama, ile Alhamisi ulipouliza samaki gani, alikuwa kambare. Nilijua. Nilikuwa na hasira. Naomba unisamehe.” Usitaje bei ya ngege. Usitaje jirani. Usitaje tumbo lako ili akuonee huruma. Akinyamaza, nyamaza naye. Akilia, kaa hapo. Akisema anataka kurudi Nyamira, mkumbusheni tu tarehe ya kliniki ya jicho la pili, kisha mwachieni aamue. Huenda atakataa chakula chako siku kadhaa. Mpelekee kila siku hivyo hivyo.

Siku atakayokuwa tayari, nenda Gikomba ununue ngege mzima, na umwambie muuzaji asimpare. Mlete nyumbani na magamba yake yote, umweke kwenye karai karibu na dirisha penye mwanga, umwite mama aje aangalie. Mpe kisu ampare mwenyewe akitaka.